Kuhama hosti sio kumfukuza mwizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua nitakuwa mrefu ila nivumilie, maana hili jambo la blogu yangu kudukuliwa limenila miezi minne na kila nikiongea na watu hapa Moshi au nikienda Arusha nakuta kuna mwingine limemkuta na yeye kaambiwa dawa ni moja tu, hama hosti, yaani ile kampuni inayokutunzia tovuti kwenye seva, kompyuta zake. Mi nilihama. Haikusaidia kitu na ndo ninachotaka kusema.

Nina blogu ya historia ya huku kwetu Uchagani, niliianza 2013. Nafundisha sekondari, kwa hiyo Jumamosi na likizo nachukua simu na daftari napanda Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, nakaa na wazee kihambani, shamba la nyumbani, wananisimulia. Mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia, ilichimbwaje na maji yaligawanywaje kwa zamu, nani alikuwa anasimamia, kahawa wakulima walivyoanza kujiunga kuanzia kile chama cha wakulima cha 1925 mpaka KNCU, chama cha ushirika, ya 1933, Mangi Meli, mtawala wa huko, alivyonyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 na jinsi watu wa kule wanavyoisimulia mpaka leo. Nasikiliza, naandika, napiga picha, naweka. Sijawahi kupata hata senti na wala sikuitafuta. Lakini Mhariri, wengi wa wale wazee wameshatangulia mbele za haki, na maneno yao mengine hayapo sehemu nyingine yoyote duniani zaidi ya pale, kwa hiyo nikisema niliumia naomba uelewe niliumia kweli.

Ilianza na mwanafunzi wangu wa zamani, yuko Dar, akanitumia meseji, "Shikamoo mwalimu, samahani, hivi ile blogu uliiuza?" Nikamuuliza kwa nini, akasema ametafuta habari za mifongo Google, jina la blogu likaja la kwanza, kubonyeza tu anapelekwa kwenye duka la vidonge vya nguvu za kiume. Nikafungua kwenye laptopu, naona blogu yangu ileile, picha zilezile, kila kitu kipo. Nikamjibu labda simu yake ina virusi. Ikapita wiki akaja mtu wa pili, akaja wa tatu, na mi kila nikifungua naona iko salama, nikaanza kuona watu wananisumbua bure.

Kumbe ndo walivyoitega. Ule msimbo walioupandikiza ulikuwa unaangalia kwanza mtu anatokea wapi na anatumia nini. Akitokea Google na ana simu mkononi anarushwa dukani, ila akiandika anwani mwenyewe, au akiwa ameingia kwa paswadi kama mwenye blogu, anaonyeshwa kila kitu kama kawaida. Mwenye mali ndo anakuwa wa mwisho kujua. Nilikuja kuona mwenyewe siku niliyoelekezwa niandike pale Google neno site, nukta mbili, halafu anwani yangu bila kuacha nafasi. Zikaja kurasa mamia kwa mamia chini ya jina langu, vichwa vyake Kijapani kitupu, viatu, saa, mikoba. Na katikati yao, moja moja, makala zangu. Siku chache baadaye ukaanza kutokea ule ukurasa mwekundu unaowaambia watu tovuti hii ni hatari rudi nyuma, na kuanzia hapo hamna aliyeingia tena.

Watu wananiuliza nani ana shida na blogu ya mwalimu wa Moshi. Hamna aliye na shida na mimi, wala hanijui. Ni programu zinazunguka intaneti nzima usiku na mchana zinagonga kila mlango, ukiwa haujafungwa vizuri zinaingia. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti niliyotumia na mimi, ndo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, sasa mtu akigundua tundu moja kwenye plagini moja, kiprogramu cha kuongezea, anaweza kulijaribu kwenye mamilioni ya tovuti bila kuchoka. Kinachotafutwa ni ile heshima ambayo blogu ya miaka mingi inakuwa nayo kwa Google. Wanapachika linki zao humo, maduka yao yanapanda juu. Yaani uaminifu niliojijengea kwa kupanda vilima miaka yote hiyo ndo walioutumia kuuzia vidonge.

Hosti wangu wa kwanza, simtaji, akanitumia imeili kwamba akaunti imefungwa kwa kuwa inatuma imeili taka, nisafishe nikimaliza niwajulishe. Kufunga siwalaumu, seva moja inabeba tovuti nyingi, mmoja akiumwa akiachwa anaweza kuwaambukiza wengine. Ila nisafishe nini, naanzia wapi, hakuna aliyesema. Nikapiga simu, naambiwa hiyo ni juu ya mteja. Ndo nikashauriwa na kila niliyemuuliza, hama. Nikatafuta kampuni nyingine, wakanipokea vizuri kwa kweli, wakasema lipia mwaka tutakuhamishia kila kitu bure. Nikalipa kwa simu siku hiyohiyo. Wakachukua bakapu nzima, nakala ya akiba, kutoka kule wakaifungua huku. Na nilivyoona blogu imefunguka mahali papya nikafurahi nikawaandikia wale wa kwanza wafute akaunti yangu, nimeshaondoka.

Siku ya kumi na mbili vidonge vikarudi.

Hapo ndo nikaelewa nilichofanya. Nilihama nyumba na mwizi amelala ndani ya kabati nililolibeba. Bakapu ni nakala ya kila kitu kama kilivyo, kizuri na kibaya, wale jamaa wa pili walifanya kazi waliyoahidi, walihamisha. Hawakuahidi kusafisha na mi sikuuliza, nilidhani ni kitu kimoja.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, anafanya kazi za kompyuta Arusha. Sikutaka kumsumbua ila ilibidi. Akapanda gari Ijumaa jioni baada ya kazi, kafika ameshika laptopu na diski ya nje, hata chai hajanywa ananiuliza, "Mjomba, kule kwa zamani bado kupo?" Nikamwambia nilishafuta. Akanyamaza kidogo. "Mjomba, usingefuta." Hakuongeza neno.

Jumamosi asubuhi tukakaa mezani. Mi nilidhani ataanza kufuta, yeye akaanza kunakili, kila faili na databesi yote, ghala la maandishi ya blogu, hivyohivyo na uchafu wake, akaweka kwenye diski akaitenga pembeni. Akasema humo kuna maneno ya wazee wako, tukikosea tuwe na pa kurudia. Ndipo akafungua folda ya picha. WordPress inapanga picha kwa mwaka na mwezi, akaingia 2016, mwezi wa tatu. Nikaziona picha zangu kwa majina yake. Picha ya mfongo juu kule unapotoka mtoni, maji yamebeba majani ya migomba. Picha ya mikono ya babu mmoja wa Uru ameshika mundu, huyu babu alifariki mwaka uliofuata. Na kati ya picha hizo mbili faili dogo ambalo si picha, linaishia na php, yaani ni programu. Akaniambia folda hii inatakiwa iwe na picha tu, faili la namna hii halina kazi humu. Akalifungua kwa programu ya kuandikia ya kawaida ili lisije likafanya kazi. Mstari mmoja mrefu, herufi na tarakimu zimeshikana bila nafasi hata moja, mwanzoni maneno mawili tu yanayosomeka, eval na base64, yaani fungua hiki kilichofungwa halafu kitekeleze. Nikamwonyesha tarehe yake, mbona inasema 2016, akasema wanaghushi tarehe ilingane na majirani zake ili ukipanga kwa tarehe usiwaone. Tulikuta 23 za hivyo. Moja ilikuwa pembeni ya picha ya bibi aliyenisimulia habari za njaa, na hiyo ndo iliyonikaa moyoni zaidi ya zote, sijui kwa nini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na nitaieleza maana siku ile ningekuta imeandikwa kwa Kiswahili mahali ningeshukuru sana. Hakujaribu kutibu mafaili ya WordPress moja moja. Aliyafuta yote, plagini zote, themu zote, yaani zile sura za blogu, akashusha mapya kutoka kwenye chanzo chake halisi, kilichobaki chetu ni picha, baada ya kutoa kila kisicho picha, na databesi. Faili la mipangilio, lile la wp-config, akaliandika upya kabisa na paswadi mpya ya databesi, na zile funguo nane za siri zilizomo akaziweka mpya, maana ukizibadilisha kila aliyekuwa ameingia anatupwa nje papo hapo, hata kama alikuwa na kuki ya zamani, ile alama ya kuingilia inayobaki kwenye kompyuta yake. Faili la htaccess, linaloiambia seva wageni wapelekwe wapi, lilikuwa na mistari ambayo hakuna aliyeiweka, ikatoka. Tukaingia kwenye databesi, orodha ya watumiaji, mi najua niko peke yangu, tukakuta wawili wenye cheo cha msimamizi, mmoja ana jina linalofanana na la mfumo ukipita haraka hulioni. Akafutwa. Kisha makala zenyewe. Hapo tulitumia siku mbili, kwa sababu linki zao walizificha ndani ya aya zangu kwa namna ambayo msomaji hazioni ila Google inaziona, mpaka kwenye makala ya Mangi Meli. Nilizisoma zote, moja baada ya nyingine, tangu ya kwanza. Paswadi zote zikabadilishwa, ya hosti, ya imeili, ya blogu, na kila moja ya peke yake.

Kilichotushangaza ni ng'ombe. Kila penye ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ile alama ya juu ilikuwa imegeuka takataka ya herufi tatu, herufi a yenye kofia, alama ya euro na kitu kingine. Nilikuwa na tabia ya kuandika kwenye Word kisha kubandika, Word inaweka alama iliyopinda, sasa wakati wa kuhamisha databesi ilisomwa kwa mpangilio wa herufi usio wake. Mpwa wangu akairudisha kwa mpangilio sahihi wa utf8mb4, ng'ombe wakarudi. Nataja hili kwa sababu mtu wa lugha nyingine anaweza asilione haraka, sisi linatuharibia kila ukurasa.

Mlango wa kwanza walioingilia wezi ulikuwa themu. Fundi aliyenitengenezea blogu alinipa bure kwenye flashi themu inayouzwa, nikamshukuru sana. Zile nakala zilizovunjwa ili zitumike bila kulipa mara nyingi zina mlango wa nyuma umeshawekwa, na yangu ulikuwepo. Juu yake kulikuwa na plagini ya kuzungusha picha ambayo haijasasishwa tangu 2017. WordPress yenyewe imekuwa inajisasisha matoleo madogo tangu 2013, ila plagini na themu mpaka mwenyewe ubonyeze au uruhusu, na hakuna aliyewahi kuniambia nibonyeze.

Na nimeruka kitu hapa, domeini, yaani lile jina la anwani ya blogu. Kabla ya kuhama ilibidi kuelekeza jina la blogu kwenye seva mpya, nikagundua domeini imesajiliwa kwa jina la fundi na imeili ya fundi. Fundi alishahamia Mwanza. Nilimtafuta wiki mbili. Alikuwa muungwana, alinipa, lakini angekuwa amefariki je, au tumegombana? Nimeongea na wenye gesti, waongoza watalii wa mlimani, vikundi vya kina mama wanaouza batiki, wengi sana domeini yao iko kwa fundi na hawajui. Ndugu yangu unayesoma hapa, leo hii muulize fundi wako domeini imeandikwa jina la nani, halafu omba ibadilishwe iwe lako, akaunti kwa msajili, kampuni iliyosajili hilo jina, iwe na imeili yako na namba yako. Mengine yote yanaweza kusubiri kesho, hili hapana.

Kwa Google kulikuwa na kazi nyingine. Kule Search Console, sehemu ya Google ambapo mwenye tovuti anaisimamia, tulikuta mtu tusiyemjua amesajiliwa kama mmiliki wa tovuti, alijithibitisha kwa faili aliloliweka kwenye seva, akapeleka na ramani ya kurasa zake za Kijapani. Tukafuta faili, tukamtoa, tukaomba ukaguzi upya. Ukurasa mwekundu uliondoka siku ya tatu. Kurasa za Kijapani zilichukua wiki nyingi kuisha, zinapungua taratibu jinsi Google inavyopita na kukuta hazipo.

Sasa Mhariri, ninachoomba. Kampuni za hosti zinazofanya biashara hapa nchini, zikiona mteja anakuja na tovuti iliyofungwa kule alikotoka, zimwambie wazi kwa Kiswahili, sisi tunahamisha, hatusafishi, ukileta uchafu tutaupokea na uchafu wake, na usifute kule kabla hujasafisha. Sentensi moja kwenye fomu ya kuhamia. Ingeniokoa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhukumu anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa na ni vizuri ipo, TZ-CERT, kikosi cha usalama wa mtandao, nao wapo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanapokea taarifa za matukio kama haya, nimewaandikia, na nashauri kila aliyedukuliwa awaandikie hata kama anaona chake ni kidogo. Ila mtu wa Kiborloni mwenye tovuti ya duka lake hatajua hata kwamba amedukuliwa kama mimi sikujua. Gazeti lako linasomwa na hawa watu. Naomba mtenge ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, wa kueleza mambo haya kwa lugha yetu, kila mwongozo niliousoma ulikuwa Kiingereza na mpwa wangu hawezi kupanda gari kuja kwa kila mtu.

Limebaki moja. Ile bakapu waliyonihamishia ilikatikia njiani, faili la zipu halikukamilika, na sikulijua hilo mpaka nimeshafuta kule. Picha zote za 2013 na 2014 hazipo, na makala nyingi nazo hazikuwepo. Tulienda kwenye hifadhi ya Internet Archive, wale wanaotunza nakala za kurasa za zamani za dunia nzima tangu 1996, tukapata maandishi ya makala nyingi nilizodhani zimepotea, nilikaa nikalia kwa kweli. Picha chache mno. Makala nne hazikuwemo kabisa. Moja ni ya mzee wa Kibosho aliyenieleza mfongo wao kuanzia unakotoka mpaka kihamba cha mwisho, majina ya kila tawi la maji, kwa Kichagga, mi nikaweka na tafsiri. Daftari lake liliharibika mvua ilipovuja, na mzee hayupo.

Mwaka 2014 kuna mama alinipigia simu akasema ameprinti makala hiyo stesheneri moja karibu na stendi, akampelekea baba yake Uru aisome. Namba yake sina tena. Mama, kama unasoma hapa, au mtoto wako anasoma, naomba mwangalie kwenye droo, kwenye bahasha za hati za shamba, ndani ya Biblia ya mzee. Siichukui, nitaipiga picha tu nairudisha. Mhariri akiruhusu ipitie ofisini kwenu, nitaifuata siku hiyohiyo.

Wako,
Mwalimu wa historia,
Moshi